Pamba Ndani ya Chupa

Desemba 2011 niliingia unyagoni nikiwa na vidonge vya wiki tatu ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Bibi ndiye aliyevipanga. Alivitoa kwenye chupa yake, akavifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, kisha akashindilia pamba juu ili visilie mtu akilitikisa kopo. Nilikuwa na miaka 12. Nilijua kwamba ni dawa za kifua, maana ndivyo nilivyoambiwa tangu nina miaka 9, na kweli kifua kilikuwa kikinisumbua. Nilichokuwa sikielewi ni kwa nini dawa ya kifua ihitaji pamba.

Kwa wasiopajua kwetu, Kilangala iko kaskazini mwa mji wa Lindi, upande wa Mchinga. Ni nchi ya mikorosho, minazi na ufuta, na chakula kikipungua watu huingia porini kuchimba ming'oko. Wasichana wengi wa rika langu walipita unyagoni, na mengi ya huko hayaandikwi, hivyo msisubiri niyaandike. Nitasema moja tu. Kila mwali ana somo wake, mwanamke aliyekwisha kupita, anayekaa naye, kumlisha, kumfundisha na kumsimamia. Somo wangu alikuwa na miaka ishirini na kidogo. Usiku wa nne alinikuta nikimeza. Alilichukua kopo, akalifungua, akaigusa ile pamba kwa kidole, akalifunga. "Mwali wangu," akasema, "ukisahau, mimi nitakukumbusha." Hakuuliza zaidi. Tangu usiku ule, saa yangu ya dawa ilipofika, alikuja mlangoni na kukohoa mara mbili, nami nikajua.

Baada ya miaka mingi ndipo nilipopata habari kwamba alivitambua vidonge vile mara tu alipoviona, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha mama yangu katika miezi yake ya mwisho.

Nimesoma historia chuo kikuu, na ugonjwa wa watu wa historia ni kupanga miaka. Nikiipanga ya kwangu naona jinsi mambo yalivyonipita kwa karibu. Nilizaliwa 1999. Mwaka uliofuata, 2000, Tanzania ilianza majaribio ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, katika hospitali chache kubwa, zote mbali na kwetu. Baba alikuwa Dar es Salaam akiuza nguo za mkononi, mmachinga kwa kazi na Mmachinga kwa kabila (neno hilo, wengi wanasema, lilitoka kwetu), na alifariki 2001. Mama akafariki Machi 2003. Agosti ya mwaka huohuo Daraja la Mkapa likafunguliwa juu ya Mto Rufiji, na watu wa kusini wakaacha kulala kwenye kivuko cha Ndundu wakisubiri maji. Mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Mama alikosa kwa mwaka mmoja na kitu. Bibi hataki kabisa nimsomee orodha hii.

Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mkoani Kagera, mwaka 1983. Huko ugonjwa uliitwa Juliana, jina la kitambaa cha fulana kilichokuwa kikipendwa na kuletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Kabla ya serikali kukubaliana juu ya neno UKIMWI, mitaani watu walishaligeuza lile la Kiingereza, AIDS, kuwa "Acha Iniue Dogedoge Siachi". Baadaye yakaja ngoma, umeme, miwaya. Mtu "amekanyaga waya". Ukiyatazama majina haya kwa pamoja utaona kwamba yote yanamhusu mtu mzima aliyefanya jambo: amenunua, amependa, amecheza, amekanyaga. Sisi tuliozaliwa nao hatukupewa jina. Hakuna waya niliyokanyaga, nilikuwa sijaanza hata kutembea.

Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuripoti wagonjwa, Lindi ikiwamo. Lakini Lindi haikuwa Kagera wala Mbeya. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Barabara ilikuwa mbaya mno, na kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kiliendelea kuwa kichekesho cha taifa muda mrefu hata baada ya daraja. Na jando lilikuwa la karibu kila mvulana: majaribio matatu yaliyofanywa Afrika Kusini, Kenya na Uganda katikati ya miaka ya 2000 yalionyesha kwamba kutahiriwa hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa kwa takriban asilimia 60. Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 uliiweka Lindi chini ya asilimia 1 kwa watu wazima, wakati Njombe ilikuwa asilimia 11.4.

Ukiwa ofisini Dodoma, takwimu hiyo ni furaha. Ukiwa msichana wa miaka 14 kijijini, maana yake ni kwamba uko peke yako. Njombe darasa zima linaweza kuwa na wenzako watatu au wanne, hata kama hamjuani. Kwetu nilikuwa na hakika kwamba kutoka Mchinga hadi Rutamba hakuna mtoto mwingine kama mimi. Niliambiwa ukweli 2013, na muuguzi, kwenye kiti cha plastiki, bibi akiwa ametazama dirishani. Jambo la kwanza nililouliza ni kama kuna mwingine. Muuguzi alisema wapo, lakini hawezi kuwataja. Alikuwa sahihi kwa kanuni za kazi yake. Nilirudi nyumbani nikiamini amenidanganya ili kunituliza.

Miezi iliyofuata sikuwa naumwa popote na sikuwa mzima. Nililala mchana. Nilishindwa kula samaki, mimi ambaye bibi alikuwa akiniita paka. Kiswahili kina neno zuri la hali hiyo, sonona, ila kijijini hakuna aliyelitumia. Watu walisema "anawaza sana", na dawa yake wakasema niache kuwaza. Kusema kwamba una tatizo la akili kulimaanisha jambo lingine kabisa: kulimaanisha Mirembe, hospitali ya Dodoma ambayo jina lake limekuwa tusi nchi nzima. Na kabla ya Mirembe kulikuwa na Lutindi, milimani Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walipafungua 1896 pawe makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 wakapageuza kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni lile. Kwa hiyo katika nchi hii, tangu mwanzo, kuugua akili kulikuwa na maana ya kupelekwa mbali, mlimani au bara. Kutibiwa hapohapo, ukiwa umekaa na wenzako, ni wazo lililoingia hospitalini kwa kuchelewa. Nje ya hospitali lilikuwapo siku zote. Ngoma za majini za pwani yetu zina kilinge, na mgonjwa hakai kilingeni peke yake: aliyekwisha kupona humkalisha anayeanza. Sisemi kwamba kilinge kinatibu virusi. Nasema tu kwamba bibi, nilipomweleza baadaye kikundi chetu kinavyokaa, hakushangaa hata kidogo.

Kuhusu UKIMWI, vikundi vilianza na wafiwa. Kampala, Januari 1987, Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe, na mwaka huohuo yeye na wenzake wachache wakaanzisha TASO. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ameathirika, akazunguka shuleni na makanisani akizungumza, na akafariki Desemba hiyohiyo. Mwaka 1989 huohuo, Dar es Salaam, Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, alianzisha WAMATA, Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Napenda lile neno "walio". Halisemi wagonjwa wala waathirika. Mwenye virusi yumo, na mama anayemuuguza yumo.

Hata hivyo vikundi vile vilikuwa vya watu wazima, na mazungumzo yake yalikuwa ya watu wazima: nimwambieje mume wangu, nani atabaki na watoto. Watoto wenyewe walikuwa mada, hawakuwa wasemaji. Na hakuna aliyetazamia tuzungumze, kwa sababu bila dawa wengi wetu tusingefika umri wa kuzungumza. Tukafika. Hapo ndipo hesabu ikakataa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kati ya 2005 na 2012 vifo vinavyotokana na UKIMWI vilipungua kwa asilimia 30 kwa ujumla, lakini kwa vijana balehe viliongezeka kwa asilimia 50. Dawa zilikuwapo, na vijana walikuwa wakifa zikiwa chini ya godoro. Mimi nilikuwa na zangu chini ya godoro, za wiki mbili, nilipoisoma habari ile mara ya kwanza. Naandika hivi ili msomaji asidhani kwamba nazungumzia watu wengine.

Jibu lililo karibu zaidi na sisi lilitoka Moshi. Daktari wa watoto, Dorothy Dow, wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, pamoja na wenzake Watanzania waliokuwa wakihudumia vijana kliniki, waliwauliza vijana 182 juu ya huzuni, unyanyapaa na unywaji wa dawa, na matokeo yake yakachapishwa 2016. Waliokuwa na matatizo ya kiakili walikuwa wengi, na walikuwa wakikosa dawa zaidi. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno Tanzania, kwa hiyo kumngoja daktari ilikuwa sawa na kutofanya kitu. Wakatengeneza mpango walioupa jina la Sauti ya Vijana. Waliouendesha hawakuwa madaktari, walikuwa vijana waliowazidi wenzao miaka michache, waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa. Vikao vya kundi ni kumi, viwili kati yake pamoja na mzazi au mlezi, halafu kuna viwili vya mtu mmoja mmoja.

Yanayofanyika ndani yake si siri ya kitaalamu. Kwanza unajifunza kupumua na kutuliza mwili. Kisha unachorewa pembetatu: wazo, hisia, tendo, kila kimoja kikivuta kingine. Mtu anawaza "mimi ni mzigo kwa bibi", anajisikia mzito, haendi kliniki, bibi anahangaika, naye anapata ushahidi kwamba kweli ni mzigo. Unafundishwa kulishika lile wazo la kwanza na kulihoji. Baadaye unaisimulia hadithi yako, ile mbaya kuliko zote, mbele ya watu ambao hawatakimbia. Unajadili umwambie nani hali yako na usimwambie nani. Jaribio la kwanza lilihusisha vijana zaidi ya mia moja hapo Moshi, kisha mpango ukavuka kwenda mikoa mingine.

Zimbabwe walikuwa wametangulia. Zvandiri ilianza Harare mwaka 2004 kama kundi dogo la vijana waliotaka kukutana, na jina lake kwa Kishona lina maana ya "jinsi nilivyo". Vijana wa miaka 18 hadi 24 wenye virusi wanafundishwa kuwatembelea na kuwashauri wenzao. Jaribio lao lililochapishwa 2020 lilionyesha kwamba walioungwa mkono hivyo walikuwa na uwezekano mdogo, kwa asilimia 42, wa kushindwa kudhibiti virusi au kufariki. Wanaosifu vikundi huishia kwenye namba hiyo. Mimi naona ni haki kuendelea: katika jaribio lilelile, vipimo vya hali ya nafsi havikutofautiana sana kati ya makundi mawili. Damu ilipona mbele ya moyo. Ndiyo maana baadaye walirudi na kuwafundisha vijana wale namna ya kumsaidia mwenzao kulichambua tatizo hatua kwa hatua, ufundi uliotoka kwa Dixon Chibanda na bibi zake wa kwenye mabenchi ya Harare. Kukaa pamoja kunafaa sana. Kwa aliyezama, kukaa tu hakutoshi.

Kwetu hakukuja mradi wenye jina. Mwaka 2016 muuguzi yuleyule wa kiti cha plastiki alifanya jambo dogo: alibadilisha tarehe. Badala ya kila mmoja kupangiwa siku yake, vijana wote tukapangiwa Jumamosi moja ya kila mwezi. Ile ya kwanza nilifika nikawakuta watano kwenye benchi, chini ya mwembe. Tulikuwa sita kutoka eneo ambalo ukilizunguka kwa bodaboda utamaliza siku. Mmoja nilikuwa nikimjua. Tulisoma shule moja miaka minne, nami nilikuwa nikimwogopa kwa sababu alikuwa mkorofi. Alinitazama, akacheka hadi akatoa machozi. Akasema, "Kumbe na wewe! Na ulivyokuwa unajidai!" Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Aliyetuongoza alikuwa dada wa miaka 23 kutoka mjini, mwenye virusi kama sisi, aliyepata semina ya siku chache na nakala za kurasa zilizofifia. Alikuwa na posho ndogo ya nauli. Pembetatu alituchorea mchangani kwa kijiti. Kikao cha tatu alituuliza kila mtu anaficha wapi dawa zake, na tukaanza kushindana: ndani ya spika mbovu ya redio, kwenye gunia la korosho, kwenye kopo la mafuta. Wanne kati yetu walikuwa wakitumia pamba. Hakuna aliyekuwa amemfundisha mwenzake. Kila bibi alikuwa ameigundua peke yake.

Nimesema tulikuwa sita. Kijana mmoja, mvuvi wa Mchinga, ndiye aliyekuwa akichekesha kuliko wote, na hadithi yake mbaya hakuwahi kuisimulia. Zamu yake ilipofika alisimulia mkasa wa pweza. Tulicheka, tukamwacha. Aliacha dawa mwishoni mwa 2017 na akafariki mwaka uliofuata, miezi michache kabla sijaenda chuoni. Dada aliyetuongoza alijilaumu, mimi nikajilaumu, na nadhani sote tulijua jibu la kitaalamu: alihitaji mtu mwenye ujuzi zaidi yetu, na mtu huyo hakuwapo karibu. Tulikwenda mazikoni tukakaa mbalimbali, kila mmoja na watu wa kijiji chake, kwa sababu tungekaa pamoja watu wangeuliza tumefahamiana wapi.

Tangu hapo mengi yamekuwa mepesi. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, kijana wa miaka 15 akaweza kupimwa bila kuombewa ridhaa na mzazi. Dawa sasa ni kidonge kimoja kwa siku. Aliye imara anapewa za miezi mitatu, hata sita, na foleni zimepungua. Sikuwa nimetazamia kwamba wepesi huo ungetubomoa. Kama mtu anakuja kliniki mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya kila mwezi inabaki na sababu gani? Nauli ya kuja kuzungumza tu hakuna mlezi anayeitoa msimu wa njaa. Halafu Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na posho ya dada yetu ikakatika mwezi uleule. Ilikuwa nauli tu, lakini bila nauli hafiki. Tukahamia kwenye simu, tunatumiana sauti usiku. Ukikohoa mara mbili kwenye ujumbe wa sauti, maana yake "umekunywa?" Nimewafundisha mimi. Sijawaambia ilitoka wapi.

Juni mwaka huu nilirudi nyumbani, na tukakutana chini ya mwembe ana kwa ana, wanne. Somo wangu aliletewa habari kwamba nipo akaja nyumbani jioni akiwa na mwanamke mzee nisiyemfahamu vizuri. Mzee huyo analea mjukuu wa kike wa miaka 11. Alikuwa amesikia kwamba kuna vijana wanakutana, na akataka mtoto aje. Kisha akasema, akinishika mkono, "Mwanangu, ila umwambie ni masomo ya ziada. Hajui. Anajua ni dawa za kifua."

Mwaka 2011, mwaka wa kopo langu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosema kwamba watoto wa umri wa shule waelezwe hali yao, hatua kwa hatua kadiri wanavyokua. Naujua mwongozo huo, nimeunukuu kwenye tasnifu. Nilimtazama somo wangu, naye akatazama chini. Nikamwambia yule mzee kwamba mtoto aje, tutamwita mwenzetu, masomo ya ziada yawe jina letu kwa vikao viwili, na kabla ya cha tatu yeye mwenyewe aje, akae na muuguzi na mtoto, waanze kumwambia. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza kama cha tatu kitakuwa kabla au baada ya korosho. Nikamwambia kabla. Akasema ataangalia.

Kikao cha kwanza kimepita, na mtoto alikuja. Cha pili ni Jumamosi hii.